Maji Yakishapita Kiambere

Mvua ikishika wiki mbili mfululizo huko Nyeri, Kirinyaga na Embu, watu wa Garissa, zaidi ya kilomita 200 mashariki, huulizana swali la neno moja: wamefungua? Hakuna anayehitaji kuelezwa waliofungua ni akina nani, wala kilichofunguliwa ni nini. Ni KenGen, kampuni ya umeme, na ni bwawa la Kiambere. Asubuhi swali huwa sokoni, adhuhuri liko kwenye makundi ya WhatsApp, na ikifika magharibi limeshakuwa habari kamili: wamefungua, hamisheni watoto. Kampuni nayo hutoa taarifa kwamba mabwawa yamejaa na maji yanajimwagikia yenyewe, na wakazi wa mabonde ya chini wahamie nyanda za juu. Mwenye shamba akisoma taarifa hiyo huku maji yamemfika magotini, tofauti kati ya kufungua na kujimwagikia haimpi nafuu yoyote.

Mimi naona ugomvi huo umetupotezea miaka mingi. Mafuriko ya mto Tana yanajadiliwa kana kwamba ni kesi ya mshtakiwa mmoja aliyeshika ufunguo. Anayefuatilia ramani ya mto huu kijito kwa kijito atakuta mambo mawili ambayo hayasemwi sana. Kwanza, Kiambere ni bwawa la umeme, na bwawa la umeme halikujengwa ili likae tupu likisubiri mafuriko. Pili, sehemu kubwa ya maji yanayoitesa Garissa haijawahi kuuona ukuta wa Kiambere.

Tuanze na penyewe. Kiambere ni wadi ya Mbeere Kusini, kwenye pembe ya kaunti ya Embu inayopakana na Kitui, mto Tana ukiwa ndio mpaka. Mtu akishuka kutoka Embu mjini kupitia Kiritiri, majani ya chai na kahawa anayaacha nyuma mapema sana. Mbele kuna ndengu, kunde, mtama, muguka, mbuzi na migunga, na siku hizi mashamba ya miti ya mukau iliyopandwa kwa safu. Ni nchi kavu hasa. Wambeere hawahesabu utajiri kwa mvua, huhesabu kwa walichovuna kabla mvua haijakatika. Katikati ya ukavu huo kuna ziwa la kutengenezwa lenye uwezo wa kubeba mita za ujazo milioni 585.

Ziwa hilo ni la mwisho katika msururu wa matano. Kindaruma ilitangulia mwaka 1968, ikafuatiwa na Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, na Kiambere 1988. Msururu mzima unaitwa Seven Forks ingawa mabwawa ni matano, na sijaona anayesumbuka na hesabu hiyo. Masinga liko juu kabisa na ndilo kubwa zaidi, kwa mita za ujazo bilioni 1.56 wakati lilipojengwa. Kamburu linabeba milioni 150 hivi. Gitaru na Kindaruma ni madogo mno, milioni 20 au pungufu kila moja, kwa hiyo kinachoingia asubuhi hutoka jioni. Kwa maneno mengine, Tana nzima ina mahali pawili tu pa kuyazuia maji kwa maana halisi ya kuzuia: Masinga juu na Kiambere chini. Baada ya Kiambere hakuna ukuta mwingine mkubwa hadi Bahari ya Hindi.

Sasa, kufungua maana yake nini? Ukuta wa Kiambere, wenye kimo cha takriban mita 110, ni wa mawe na udongo ulioshindiliwa. Ukuta wa aina hiyo una adui mmoja mkubwa: maji kupita juu yake. Yakipita juu yanabeba udongo, yakibeba udongo ukuta unaliwa, na ukuta ukiliwa hatuzungumzii tena mafuriko ya wiki mbili bali ziwa zima kushuka kwa mpigo. Ndiyo maana kila bwawa lina njia ya kumwagia maji ya ziada. Penye milango, milango huinuliwa. Pasipo milango, maji yakifika kimo fulani huteremka yenyewe. Anayeomba bwawa lililojaa lisimwage hata tone anaomba, bila kujua, jambo la hatari kuliko lile analoliogopa.

Lakini hapo hapo kuna swali ambalo kampuni ya umeme huwa hailipendi: lilijaaje kiasi hicho kabla mvua haijaisha?

Tupige hesabu ya mfano. Chukulia kwamba mafuriko yanaingia Kiambere kwa kasi ya mita za ujazo 1,000 kila sekunde, na tuiache kando mitambo ambayo koo lake humeza sehemu ndogo tu ya mafuriko ya namna hiyo. Kwa siku nzima hiyo ni mita za ujazo milioni 86.4. Bwawa likiwa tupu, lingeweza kuyameza maji hayo kwa siku sita na zaidi kabla halijatoa chochote. Likiwa limejaa tisa kwa kumi, linajaa kwa saa kumi na sita. Mafuriko hayo yakianza kuingia alfajiri, usiku wa manane Kiambere si bwawa tena kwa mtu wa chini. Ni sehemu pana ya mto. Sufuria iliyojaa haipokei.

Na mwenye bwawa la umeme ana kila sababu ya kulipenda likiwa limejaa. Maji yaliyo juu ndiyo yanayogeuza mitambo miezi ya ukame. Mwaka wa 2000 Kenya ilikatiwa umeme kwa mgao mkali kwa sababu mabwawa haya yalikauka, na waliokuwa na viwanda wakati ule hawajasahau. Tangu hapo, meneja atakayelaumiwa kwa bwawa tupu mwezi wa Septemba hawezi kulimwaga mwezi wa Mei kwa hofu ya mafuriko ambayo pengine hayatakuja. Simlaumu. Nalaumu kwamba uamuzi huo mzito, wa kuchagua kati ya taa za Nairobi na mahindi ya Hola kule chini ya mto, hufanywa kama shughuli ya kawaida ya kampuni, bila mtu wa Hola kuwa mezani.

Wenzetu wa Brisbane, Australia, walilipitia jambo hili kwa uchungu na kwa mawakili. Bwawa lao la Wivenhoe lilijengwa kwa kazi mbili, kuhifadhi maji ya matumizi na kukinga mafuriko, na nafasi iliyotengwa kwa mafuriko ni kubwa kuliko ile ya maji ya kuhifadhi. Yaani bwawa likihesabiwa kuwa limejaa, zaidi ya nusu ya chombo bado ni tupu kwa makusudi. Hata hivyo Januari 2011 mji ulifurika, na maelfu ya wakazi wakaenda mahakamani wakidai wahandisi walichelewa kuachia maji. Mwaka 2019 jaji alikubaliana nao; mwaka 2021 kampuni ya maji, Seqwater, ikashinda rufaa. Sisemi Kiambere iwe Wivenhoe. Nasema kwamba kule mtu wa kawaida alijua kanuni ya kufungulia maji imeandikwa wapi, hata akaweza kubishana nayo aya kwa aya.

Tuendelee na ramani, maana hapa ndipo penye uhondo.

Tana huanzia milima ya Nyandarua na Mlima Kenya. Sagana, Mathioya na Maragua huingia mapema. Thika huingia Masinga. Thiba, ikiwa imeshachukua Nyamindi na Rupingazi inayopita Embu mjini, huingia Kamburu. Yote haya hupita mikononi mwa Seven Forks. Miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kenya, inayoupokea upepo wa baharini uso kwa uso, hunyeshewa hadi zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka huko juu. Lakini miteremko hiyo haiishii Embu. Inaendelea Chuka, Chogoria, Nkubu, Meru mjini, hadi chini ya vilima vya Nyambene, na kila bonde lina mto wake. Thuci, mpaka wa Embu na Tharaka-Nithi. Mutonga. Thingithu. Kathita, inayopita Meru. Ura na Rojewero, ambazo wageni wa Mbuga ya Taifa ya Meru huzivuka wakitafuta vifaru. Mito hii yote huishia Tana, na yote huingia chini ya Kiambere.

Nimeona watu wakishangaa wakionyeshwa jambo hili kwenye ramani, tena watu waliozaliwa Meru. Mvua inayonyesha Chogoria usiku haimpitii meneja yeyote wa KenGen. Hakuna ukuta mkubwa wa kuipokea, hakuna mlango wa kufunguliwa wala kufungwa. Inashuka kwenye miteremko mikali, ikipita mashamba ya chai, kisha kahawa, kisha nchi kavu ya Tharaka ambako ardhi ngumu iliyochunwa na mbuzi haina hamu ya kunywa maji, kisha inaingia Tana ikiwa nyekundu kwa udongo. Kwa hiyo mafuriko yanaweza kufika Garissa wakati Kiambere halijatoa kitu zaidi ya maji ya mitambo. Na likiwa linamwaga siku hiyo hiyo Mutonga na Kathita zimefura, mawimbi mawili hukutana huko Tharaka na kuteremka yakiwa kitu kimoja. Hapo hata mhandisi bingwa hawezi kuyatenganisha ili ajue la kulaumiwa ni lipi.

Historia nayo inashuhudia. Mwaka 1961 mvua ya vuli ilinyesha hadi ikapewa jina la Uhuru kwa jinsi ilivyokaribiana na uhuru wenyewe, ikakata barabara na kuinua Ziwa Victoria kwa kimo ambacho halikurudi chini kwa miaka. Wakati huo hapakuwa na bwawa hata moja la Seven Forks. Tana ilifurika bila msaada wa mtu.

Wataalamu wa hali ya anga wanaiona 1961 katika ukoo mmoja na 1997, 2019 na 2023. Vuli yetu, ya Oktoba hadi Desemba, inatawaliwa sana na Bahari ya Hindi. Maji ya upande huu wa Afrika yakipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, unyevu na mawingu husogezwa kwetu, na mvua iliyopaswa kuisha mapema Desemba inavuka Krismasi. Mwaka 1997 hali hiyo ilikuja pamoja na El Nino, na vivyo hivyo 2023. Mwaka 2019 El Nino haikuwa na nguvu ya kutajwa, bahari yetu peke yake ilitosha. Kilichofanya masika ya 2024 yawe mabaya zaidi ni kwamba yalikuta kazi imeshafanywa nusu: ardhi ilikuwa bado imeshiba, mabwawa bado yako juu. Nchini kote waliokufa walikaribia 300.

Kwa wanaoishi Kiambere penyewe, maji yakipanda habari ni nyingine kabisa, wala hazifiki magazetini. Kando ya ziwa kuna visiki vya migunga iliyokufa maji, na wavuvi huvitumia kufungia mitumbwi na kuanikia nyavu. Ziwa likijaa visiki huzama, nyavu hunasa chini na kuchanika, na tilapia hutawanyika kwenye nyasi zilizofunikwa upya ambako ni vigumu kuwafuata. Kambare, anayependa matope, huo ndio wakati wake. Mamba naye husogea na ukingo, kwa hiyo pale akina mama walipokuwa wakichota maji kwa usalama mwezi uliopita si pa kuchota mwezi huu. Kiboko hupanda usiku. Asubuhi nyayo zake zimekatisha matuta ya kunde, za vidole vinne kila moja, zimejaa maji, na kati ya nyayo mashina yamekatwa sawa na ardhi. Fidia ya mazao yaliyoliwa na wanyamapori ina fomu, na fomu ina safari ndefu.

Watu hawa wameshalipia bwawa hili mara moja. Wakati mradi unapangwa, waliotarajiwa kuhamishwa walikuwa karibu 1,000. Waliohama walifika 7,000. Edward Mburugu, mwanasosholojia, aliwafuatilia baadaye na hesabu zake zimekuwa zikitajwa duniani kila watu wanapozungumzia gharama ya mabwawa: shamba la wastani lilishuka kutoka hekta 13 hadi 6, mifugo ikapungua kwa zaidi ya theluthi moja, mavuno ya mahindi kwa hekta yakaanguka kwa asilimia 68 na ya maharagwe kwa asilimia 75. Pato la familia lilitoka shilingi 10,968 hadi 1,976. Maji ya bwawa hilo hilo husukumwa kwa mabomba hadi Mwingi, jambo jema kwa Mwingi, huku pande za Mbeere mtungi ukiendelea kubebwa na punda. Nayataja haya kwa sababu katika ugomvi wa Garissa na KenGen, Kiambere imegeuzwa jina la adui tu, kana kwamba hakuna watu pale.

Turudi chini kwenye tambarare, maana kuna jambo moja ambalo mabwawa yalifanya na ambalo halina mlango wa kulirudisha.

Kabla ya Masinga, Tana ilikuwa ikifurika karibu kila mwaka, mara nyingi mara mbili. Wapokomo walilima kwa mafuriko hayo: maji yakija yanalowesha, yakiondoka yanaacha tope jeusi, na mpunga na mahindi hupandwa nyuma yake. Waorma walijua nyasi zitaota wapi na mifugo itashukia mto kwa malka ipi. Hata msitu wa kando ya mto, makao ya kolobasi mwekundu wa Tana ambaye hapatikani mahali pengine duniani, unategemea maji kupanda juu ya kingo mara kwa mara. Mafuriko madogo yalikuwa sehemu ya kalenda. John Maingi na Stuart Marsh, katika utafiti uliochapishwa 2002, walilinganisha mwenendo wa mto kabla na baada ya mabwawa, wakaonyesha kwamba vilele vya mafuriko vilipungua, hasa vya mwezi wa Mei, na maji ya kiangazi yakaongezeka. Mto ulisawazishwa.

Sawa. Lakini mto uliosawazishwa unaishi kwenye tambarare ile ile ya zamani. Mafuriko madogo yalipokoma kuja, watu walishuka. Palipokuwa pa maji pakawa pa shamba la ndizi na maembe, kisha pa pampu ya kunyunyizia, kisha pa nyumba ya mabati, kisha pa shule. Hakuna aliyefanya upumbavu. Miaka kumi ya ukavu ni ushahidi wa kutosha kwa mtu mwenye watoto wa kulisha. Mabwawa yaliondoa mafuriko ya kila mwaka, yale yanayomkumbusha mtu mpaka wa mto uko wapi, na yakaacha makubwa ya mara moja kwa miaka mingi, ambayo hayana uwezo wa kuyazuia. Kijana wa miaka ishirini aliyejenga ukingoni hakuwahi kuuona mto ukifika mlangoni kwao. Ukifika, atasema wamefungua, na kwa alivyoijua dunia hana maelezo mengine.

Yakipita maji huja mbu. Mafuriko ya 1997 yalifuatwa na homa ya Bonde la Ufa huko Garissa, ikaua mifugo na watu; ikarudi mwishoni mwa 2006. Kwa mfugaji, hasara ya mafuriko huhesabiwa hadi miezi mitatu baadaye, soko la mifugo likiwa limefungwa.

Jambo linalonikera zaidi ni kwamba Tana ni mto mpole katika hili moja: hauji ghafla. Solai, Nakuru, usiku wa Mei 2018, bwawa la shamba lilipasuka na watu zaidi ya 40 wakafa ndani ya dakika chache. Mai Mahiu, Aprili 29, 2024, maji yalikuja ghafla vivyo hivyo, kabla ya alfajiri. Hapo hata onyo bora lingehangaika. Lakini maji yanayotoka Kiambere hayafiki Garissa siku hiyo hiyo, na kutoka Garissa hadi Hola na Garsen, ambako mto unajikunjakunja kwenye nchi isiyo na mteremko, yana siku nyingine nyingi za kutembea. Ni mafuriko yanayokuja kwa miguu. Mtu anaweza kufungasha, kuvuna mahindi mabichi, kuhamisha mbuzi, kupandisha magunia kwa shangazi anayeishi juu, na muda ubaki.

Na bado tunayaona yaliyotokea 2024. Aprili 9, basi lililobeba abiria 51 lilizama kwenye maji Tula, kwenye barabara ya Garissa. Bahati njema wote waliokolewa. Aprili 28, mashua iliyokuwa ikivusha watu pale Kona Punda, kati ya Madogo na Garissa, ambako barabara yenyewe ilikuwa imemezwa, ilizama ikiwa imejaa. Msalaba Mwekundu uliokoa 23. Wengine hawakuonekana wakiwa hai. Kona Punda si mahali pa siri. Barabara ile hukatwa na Tana kila mto unapofura kwelikweli. Ilikatwa miezi michache tu kabla, Novemba 2023. Waliopanda mashua hawakushangazwa na maji, walikuwa wanakwenda zao kwa njia pekee iliyobaki.

Mei 2, 2024, Wizara ya Usalama wa Ndani, chini ya Kithure Kindiki wakati huo, iliwaamuru wanaoishi karibu na mabwawa na mabirika 178 katika kaunti 33 kuhama ndani ya saa 24. Ilikuwa lazima kuchukua hatua. Lakini tangazo la pamoja la mabwawa 178 linamwambia nini mkulima wa Mnazini au Kipini? Kwamba kuna hatari. Hilo alishalijua. Hakuambiwa maji yaliyokuwa Kiambere jana jioni yatamfikia lini, na yatafika wapi ukilinganisha na yale ya 2018 aliyoyaona kwa macho yake. Onyo likitoka kwa kampuni kwenda wizarani, wizarani kwa kamishna wa kaunti, kwa kamishna kwenda kwa chifu na kwa chifu kwenda kwa nyumba kumi, linafika likiwa limebaki neno moja: hameni. Mtu aliyeambiwa hameni mara tatu na maji yasije, mara ya nne hulala.

Juu kabisa ya mto, kuna tatizo linaloendelea polepole. Udongo wa Murang'a, Nyeri na Kirinyaga unateremka kila msimu na kutua Masinga. Vipimo vilivyochukuliwa karibu 2011 vilionyesha bwawa limepoteza takriban sehemu moja ya kumi ya ujazo wake kwa tope. Nafasi inayopotea Masinga ni nafasi ambayo Kiambere litatakiwa kuibeba, na Kiambere halijakua tangu 1988. Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu, ulioanzishwa 2015, unawasaidia wakulima kuchimba matuta, kupanda nyasi kwenye kingo na kuweka mabirika ya kuvunia maji. Ni kazi ya jembe na uvumilivu, haina sherehe ya uzinduzi yenye helikopta, pengine ndiyo maana haizungumzwi sana.

Inayozungumzwa ni High Grand Falls. Bwawa hilo limekuwa kwenye mipango tangu enzi za Ruwaza ya 2030, chini ya Kiambere, mahali ambapo maji ya Mutonga yangenaswa. Ujazo unaotajwa ni mita za ujazo zaidi ya bilioni tano, mara tatu na zaidi ya Masinga. Wanasiasa wa kaunti za chini hulitaja kila mafuriko yanapokuja kama dawa ya mwisho, na kwa ukubwa huo lingeweza kweli kutuliza sehemu ya maji ya Meru na Tharaka ambayo hayana wa kuyazuia. Lakini linauzwa kwa wawekezaji kama bwawa la umeme na umwagiliaji, na mwekezaji wa umeme na umwagiliaji atalitaka lijae. Kabla jiwe la kwanza halijawekwa, mtu wa Tana River angepaswa kuuliza ni mita ngapi za juu zitaachwa tupu kila Machi na kila Oktoba, na kama hilo litaandikwa kwenye mkataba au litabaki kwenye hotuba. Angeuliza pia waliohamishwa Kiambere wako wapi leo, kwa sababu waliotajwa kuhamishwa Grand Falls ni Watharaka na Wakamba wenye mashamba ya namna ile ile.

Kuna jambo la bei nafuu linaloweza kufanywa kabla ya hapo. Mamlaka ya Rasilimali za Maji ina vituo vya kupimia mto. Kile cha Garissa, 4G01 kwa namba ya serikali, kina rekodi za miongo mingi. KenGen inajua kimo cha kila bwawa inaloliendesha kwa sentimita. Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga inajua kilichonyesha Chogoria jana. Namba tatu zikisomwa redioni kila asubuhi ya msimu wa mvua, kwa Kiswahili, Kipokomo, Kiorma na Kisomali, zingetosha: Masinga limebakisha sentimita ngapi, Kiambere limebakisha ngapi, na Mutonga imepanda kiasi gani tangu jana. Mkulima wa Hola hahitaji kufundishwa la kufanya nazo. Baada ya misimu miwili atakuwa anajua kwamba Kiambere likibakisha kiasi fulani na Mutonga ikawa nyekundu, ana siku tatu au nne za kuvuna, na ataajiri vibarua mapema kabla bei yao haijapanda.